Sema Kwanza, Kalamu Baadaye: shajara ya vikao vya insha vya Jumamosi, Kisauni

Naiandika kwa ajili ya mwalimu au mzazi atakayetaka kuiga kazi hii mtaani kwake. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa hapa Mombasa. Si daktari, wala sikusomea elimu maalumu. Ninao vijana sita, wa miaka 13 hadi 17, ambao kalamu imewashinda. Wanne wana ripoti za kituo cha tathmini cha kaunti, kile cha EARC: wawili wana disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika maneno), mmoja ana usonji, mmoja ana ADHD (ugumu wa kutulia na kumakinika). Wawili waliobaki walikuwa hawajapimwa tulipoanza, nami sikuwapachika jina la hali yoyote. Majina ninayoyatumia humu ni ya utani, wamejichagulia wenyewe.

Chanzo ni mwana wa dadangu, Nahodha, aliye Gredi ya Tisa. Akihadithia, watu wazima huacha kijiko hewani. Akishika kalamu, baada ya saa nzima utapata mistari minne. Ripoti zake za shule, muhula baada ya muhula, zinarudia neno lile lile: mvivu.

Jumamosi, 18 Januari 2025. Kuanza, na kosa la kwanza

Chumba tumeazimwa na madrasa, saa tatu hadi saa sita asubuhi. Madaftari 12 kwa shilingi 60, saa ya jikoni ya kuhesabu dakika 350, kalamu 200. Jumla 1,270.

Nilitaka kupima kila mmoja yuko wapi, nikaandika ubaoni: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Dakika 45. Nahodha alitoa maneno 61, nilimhesabia baadaye. Upepo (14, ndiye mwenye ADHD) alianza insha tano, ya kwanza ikaishia "Hapo zamani za kale palikuwa na", na ya pili haikuwa mbali. Mkono (17, Kidato cha Tatu, hajapimwa) aliandika nusu ukurasa mzuri kisha akaanza kukunjua vidole kama aliyetoka kufua mablanketi. Katibu, mwenye usonji, aliandika sentensi mbili:

"Sijui ni nani aliyeweka kitu mvunguni. Angetumia ufagio."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka, na hakuona sababu ya mimi kucheka. Nilipozikusanya nikazisahihisha palepale kwa wino mwekundu, mazoea ya miaka kumi na minne darasani. Shwari (mwenye disleksia, msichana mkimya kuliko wote) aliitazama karatasi yake, akaikunja mara nne hadi ikawa ndogo kama hirizi, akaitia mfukoni. Wiki tatu hakuonekana.

Ukitaka kuiga, usianze na mtihani. Hawa wamepimwa maisha yao yote na wanajua watakachopata. Wino mwekundu nimeuacha nyumbani. Sasa nasahihisha kosa la aina moja tu kwa kila kazi, kwa penseli, nikiwa nimekaa na mwenyewe.

Jumamosi, 8 Februari. Vitu vya kununua ambavyo havikusaidia

Niliposoma kuhusu disleksia nilikutana na mambo mawili yanayosifiwa sana: plastiki za rangi za kuweka juu ya ukurasa, na fonti maalumu yenye herufi zilizonenepa chini. Plastiki sita kwa shilingi 80. Kurasa 42 nilizipiga chapa kwa fonti hiyo, shilingi 10 kila moja. Jumla 900.

Nahodha alijaribu kila rangi, akasema ya manjano inafanya ukurasa uonekane kama uji wa ndimu. Kasi yake ya kusoma haikubadilika. Fonti nayo: niliwapa kurasa mbili, moja ya fonti maalumu na moja ya kawaida niliyoikuza hadi 14 na kuachanisha mistari. Wote wanne waliokuwepo walichagua ya kawaida. Kumbe kinachosaidia ni nafasi, na nafasi haiuzwi dukani. Tangu siku hiyo madaftari tunaandika mstari mmoja tunaruka mmoja.

900 zimekwenda. Plastiki zimebaki kwa Upepo, anazitazamia jua.

Jumamosi, 22 Februari. Simu inaandika, lakini inaandika nini?

Hapa nilikuwa na matumaini makubwa. Kibodi ya Google kwenye simu hugeuza usemi wa Kiswahili kuwa maandishi. Nikajiambia: Nahodha aseme, simu iandike, kazi imekwisha.

Alihadithia siku mashua ya babu yake ilipopigwa na kusi. Dakika sita, chumba kimya. Alikuwa anasema kwa Kimvita cha nyumbani, kama inavyofaa. Pahali alipotamka "twaenda ndiani", yaani njiani, simu iliandika "twaenda India ni". Alipotaja mato, akimaanisha macho, yakawa matokeo. Babu akajikuta katikati ya bahari ametoa "matokeo" kwa hofu, akielekea India. Tulicheka, Nahodha zaidi ya sote, na safari hii kicheko kilikuwa chake.

Lakini taabu yenyewe haikuwa Kimvita. Matini ilitoka bonge moja, maneno mia tatu na ushei, haina nukta wala herufi kubwa. Nikamwambia ahariri. Nilikuwa nimemwondolea mzigo wa kuandika nikamtwika mzigo wa kusoma bonge la maneno na kutafuta makosa ndani yake, na huo kwa mtu mwenye disleksia ndio mzito zaidi. Baada ya dakika kumi alisukuma simu mbali. "Khalati, afadhali ile kalamu."

Marekebisho tuliyofikia wiki iliyofuata: simu irekodi tu, isiandike. Anasikiliza sentensi moja ya sauti yake, anasimamisha, anaandika ile sentensi, anaendelea. Inachosha, na mara ya kwanza ilichukua vikao viwili kumaliza kisa kimoja. Ila amekimaliza. Kichwa kilikwisha fanya kazi yake wakati wa kusema, mkono unafanya yake sasa, na havigombanii nafasi.

Jambo moja la kuonya: kabla ya kurekodi nilijaribu kumwandikia mimi, yeye akisema. Nilipomsomea alisikiliza hadi mwisho akaniambia, "Hii ni nzuri, lakini si yangu." Alikuwa sahihi. Yeye alisema "upepo ukatuzomea", mimi nikaandika "upepo ulivuma kwa nguvu". Mwalimu akishika kalamu ya mtoto, mkono huwa mwepesi kupita kiasi.

Bando za data, Februari na Machi: 600.

Machi. Ramadhani, na bahati ambayo sikuipanga

Chumba cha madrasa kilihitajika, na saumu na insha saa nne asubuhi haviendi pamoja. Nikasimamisha vikao hadi baada ya Idi. Ili wasipotee niliunda kundi la WhatsApp, nikawaambia kila atakaye atume kisa kwa sauti baada ya tarawehe.

Usiku wa tatu Upepo alituma voisi saba mfululizo kuhusu paka aliyeiba sambusa za futari. Ya kwanza ilikuwa mwisho wa kisa. Ya nne ilianza "Ee, nilisahau kuwaambia". Ya sita ilikuwa ya paka mwingine kabisa. Nikampigia: "Ungekuwa unamsimulia bibi yako aliye Lamu, angeanza kusikiliza ipi?" Akazipanga mwenyewe: ya pili, ya nne, ya tatu, ya tano, ya kwanza. Mbili akazitupa.

Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Miaka yote nafundisha aya kwa kusema "aya ni kifungu chenye wazo moja", na Upepo ameniandikia mfano wake bila kujua. Voisi moja, wazo moja, aya moja. Siku hizi ndiyo njia yetu ya kupanga insha kwa kila mtu: tuma voisi nne hadi sita, andika neno moja la kila voisi kwenye kijikaratasi, vipange mezani, ndipo ufungue daftari. Mchoro wa buibui ninaouona kwenye vitabu haujawahi kumsaidia Upepo. Miguu ya yule buibui humzalia miguu mingine. Vikaratasi vina mwisho.

Shwari naye alikuwa kwenye kundi. Hakutuma kitu mwezi mzima, lakini alisikiliza voisi nilizotuma mimi, nikiona alama za buluu.

Jumamosi, 26 Aprili. Kukata vitenzi kwa makasi

Hili ni la wenye disleksia hasa. Tahajia ya Kiswahili ni rehema: tunavyosema ndivyo tunavyoandika, hakuna mitego kama ya Kiingereza ambacho kinawamaliza hawa watoto shuleni. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na disleksia asionekane kwa herufi zilizogeuka. Huonekana kwa mwendo wa kobe, na kwa maneno marefu kudondoka tumbo. Nilipokusanya makosa ya Nahodha ya miezi mitatu, karibu yote yalikuwa katikati ya kitenzi. "Walivyotusubiri" aliandika "walitusiri". "Kilichoangushwa" kikawa "kilichoshwa". Mwanzo upo, mwisho upo, kati pametoboka.

Na kitenzi chetu ni treni. Neno moja, "hawakutuelewesha", lina mabehewa saba: ha-wa-ku-tu-elew-esh-a. Mwanzoni nilimfundisha kugonga silabi kwa vidole, ha-wa-ku-tu-e-le-we-sha, zinatoka nane. Alipofika ya tano alikuwa ameshasahau alikotoka. Silabi ni vipande visivyo na maana, havina cha kushikilia.

Tukahamia kwenye viambishi. Katoni za biskuti kutoka dukani (bure), makasi mawili 200, kalamu za rangi 300. Nyekundu kwa ukanushi, buluu kwa mtu, kijani kwa wakati, nyeusi kwa mzizi. Anaandika "hawakutuelewesha" kwenye ukanda mmoja, anaukata vipande, anavichanganya, anavijenga tena huku akisema kila kipande kinafanya nini: hapana, wao, zamani, sisi, elewa, fanya mtu aelewe, na ile a ya mwisho "ya kufunga mlango". Maneno ni yake. Baada ya majuma matatu alianza kuweka alama ndogo ya penseli kati ya vipande anapoandika, kisha anaifuta. Makosa ya kati yamepungua hadi mawili matatu kwa ukurasa.

Nilipokosea: niliwapa wote zoezi hili. Mkono hana shida ya tahajia hata chembe, na kukata kwa makasi kulimuumiza vidole zaidi. Katibu alikata kitenzi kimoja, akaniuliza kwa nini tunaharibu neno zima, akatoka nje. Sasa meza ni tatu na kila meza ina kazi yake. Kelele imeongezeka.

Jumamosi, 24 Mei. Katibu apata kazi

Kwa miezi minne Katibu hakuandika zaidi ya sentensi tatu. Nilijaribu visa vya kubuni, akaniambia kwa upole kwamba havikutokea. Nilijaribu kumfafanulia methali, akazihifadhi maana zote kwa ghibu bila kuandika hata moja.

Kilichobadilisha mambo ni feri. Anazijua za Likoni kwa majina, MV Kwale, MV Jambo, MV Likoni, na ipi ilikuwa kazini siku gani. Wiki ya pili ya Mei nilimkuta kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari ameandika, bila kuombwa, saa za kuondoka na kufika, idadi ya malori, na sababu ya kila kuchelewa. Kurasa tatu.

Nikajiona mjinga. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne, inadai insha mbili, maneno yasiyopungua 400 kila moja, alama 20 kila moja. Ile ya lazima kwa kawaida haidai methali wala kisa. Ni uandishi wa kazi: barua rasmi, ripoti, hotuba, mahojiano, kumbukumbu za mkutano. Mambo yaliyotokea, kwa mpangilio, bila madoido. Mtoto niliyekuwa nikimvuta kwa mkia kuelekea "Hapo zamani za kale" ameumbwa kwa nusu ya karatasi ile.

Tangu hapo yeye ndiye katibu wa kikao, na jina likabadilika siku hiyo (mwanzo alijiita Propela). Kila Jumamosi anaandika kumbukumbu: waliohudhuria, waliotuma udhuru, ajenda, yatokanayo. Ukisema jambo la upuuzi linaingia.

Ndipo nikanogewa nikaharibu. Nilitengeneza kiunzi cha barua rasmi chenye sentensi za kujazia, nikawagawia wote. Barua zilizorudi zote zimeanza "Ninayo furaha kubwa kukuandikia", pamoja na ile ya Upepo ya kulalamikia takataka. Kiunzi kimebaki na vichwa tu: anwani, mtajo, neno MINT (yaani Mintarafu, kuhusu), kwa nini naandika, nataka nini, sahihi. Sentensi watafute wenyewe.

Jumamosi, 21 Juni. Kibodi ya Mkono

Kibodi ya mtumba 700, waya wa OTG wa kuiunganisha na simu 150. Waya ulikufa siku ya pili. Mwingine 250. Jumla 1,100, na funzo la kutonunua waya wa bei ya pipi.

Kabla ya hapo tulijaribu kunenepesha kalamu kwa kuizungushia mpira wa baiskeli. Ulisaidia kidogo, ukanuka sana. Tulijaribu pia kuinua daftari kwa ubao wa mshazari. Mabega yake yalishuka, na ubao huo bado anautumia.

Kwa kibodi, wiki mbili za kwanza alikuwa polepole kuliko kwa kalamu, akataka kuacha. Nikamwomba asiandike insha, aandike tu mashairi ya taarabu anayoyajua kwa moyo, ili asiwaze. Alirudi wiki ya nne na ukurasa mzima, hakunyoosha vidole hata mara moja. Mama yake alikaa mlangoni akatazama. "Mwalimu, mimi nilikuwa namchapa kwa hii hati," akaniambia. Sikuwa na la kumjibu, nikamkaribisha chai.

Shida iko mbele. Mtihani wa taifa anaufanya mwakani. Maombi ya nafuu kwa mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu hupitia shuleni kwake kwenda KNEC, baraza la mitihani la taifa, na hayaendi bila ripoti ya tathmini. Yeye hana ripoti, kwa sababu mimi niliona "hajapimwa" kama jambo la kuheshimu nikaliacha hapo. Nilipaswa kumsindikiza kituoni Januari. Tumekwenda Juni. Ukianza mradi huu, ripoti iwe kazi ya wiki ya kwanza, hasa kwa aliye Kidato cha Tatu. Kwa sasa anafanya nusu kibodi, nusu kalamu kwenye ubao wa mshazari, dakika nane kisha mapumziko ya moja. Tusije tukamzoesha kitu ambacho hataruhusiwa kukaa nacho.

Jumamosi, 26 Julai. Tulipo

Nahodha: maneno 212 kwa dakika 45, kutoka 61, kwa njia ya kurekodi na kusikiliza. Bila kurekodi ni 130 hivi. Neno "mvivu" limo bado kwenye ripoti ya muhula huu; nimeomba miadi na mwalimu wake wa darasa, nitakwenda na madaftari.

Upepo: insha nne zimekamilika tangu Aprili. Saa ya jikoni aliichukia, ikampa hofu. Tumeibadilisha kwa wimbo mmoja wa kaswida, ukiisha na aya imeisha.

Mkono: ripoti ya tathmini imetoka wiki hii.

Yule wa sita, ambaye sijamtaja kwa sababu hakutaka, anakuja, anakula mahamri, anasikiliza. Ameandika orodha moja ya vitu vya kununua. Naihesabu.

Shwari alirudi Februari, akaja vikao vitano, akaacha moja kwa moja mwezi Mei. Nilimwendea nyumbani. Hakuniambia sababu, lakini ile karatasi ya Januari bado anayo, niliiona kwenye kasha la simu yake, imekunjwa vilevile. Hilo sijui nitalirekebishaje. Kwa sasa namtumia voisi kila Ijumaa, fupi, sisubiri jibu.

Gharama hadi leo: vifaa vya mwanzo 1,270, plastiki na fonti 900, bando 600, makasi na kalamu za rangi 500, kibodi na nyaya 1,100. Hiyo ni 4,370. Chai na mahamri, vikao 20 kwa shilingi 300, ni 6,000. Yote 10,370. Nilijaribu kikao kimoja bila mahamri, kikaisha saa nne na nusu.

Kumbukumbu za leo, kama zilivyoandikwa na Katibu, sehemu ya mwisho:

"7. Shughuli nyinginezo. Mwalimu alisema tutaanza saa tatu kamili. Tulianza saa tatu na dakika kumi na moja kwa sababu Mwalimu alichelewa.

8. Kufunga mkutano. Mkutano ulifungwa saa sita kasoro dakika nne kwa sababu Upepo alimwaga chai juu ya ajenda. Mkutano ujao ni tarehe 9 Agosti. Mwalimu ataleta kitambaa."